Siku Niliyokaa Nyasini Kungoja Kuchaguliwa

Jumapili, alasiri. Mvua ya mawe imeshika tangu tulipotoka kanisani, na mabati yanapiga kelele hata Njeri, binti yetu, ameziba masikio kwa vidole. Michai ya kule juu itakuwa imetobolewa yote. Kesho manyapara wa Mlimani wataamka na hasira, watamgombeza kila atakayepita mbele yao. Mimi sitakuwa mbele yao.

Sina huzuni. Naliandika hilo mapema kwa sababu kanisani leo watu walinisalimia kama mtu aliyefiwa. Mke wa karani alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Pole sana, Baba Njeri." Pole ya nini? Nilimwuliza hivyo hivyo, pale mlangoni pa kanisa. Akaniachia mkono.

Jana ilikuwa siku ya kuchagua.

Kampuni ina mashamba manne upande huu wa mto, na kila shamba lina kiwanda chake na timu yake ya mpira: Mlimani, Bondeni, Msituni na Darajani. Mlimani ndiyo yangu, au ndiyo iliyokuwa yangu. Kila mwaka msimu ukiisha, vijana wanakuja kutafuta kazi wakiwa na viatu vya mpira shingoni, wengine bila viatu, kutoka Longisa, Boito, Kapkatet na hata Nyanza. Wanachezeshwa mechi ya majaribio siku ya Ijumaa. Jumamosi wanakaa kwenye nyasi, na timu zinachagua kwa zamu. Iliyoshika mkia inachagua kwanza, mabingwa wanachagua mwisho, halafu zamu inarudi mwanzo.

Mchezaji hachumi chai. Anafanya kazi kiwandani, chini ya paa, anafagia chumba cha kunyausha majani au anashona magunia, na anapewa nyumba hizi za mawe zilizo karibu na lango. Nafasi ni kumi na tano kwa kila timu, wala haziongezwi. Kijana akiingia, mtu mzima anatoka. Anayetoka anarudi shambani, au anapelekwa kupasua magogo ya blugamu ya kuwashia tanuri, na nyumba anaiacha. Mama Njeri anauza chai na mandazi katika chumba chetu cha mbele, kwa sababu kila anayeingia na kutoka kiwandani hapiti kwingine. Kwa hiyo nyumba ikienda, hoteli nayo imekwenda.

Nimecheza namba tano, beki wa kati, Mlimani tangu nilipokuwa kijana. Wananiita Ukuta.

Jina la pili nililo nalo ni Mwaguzi, na hilo sikulitafuta. Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ilipokuwa ikiwawinda Mau Mau, Wakikuyu wengi wa mashamba haya walipakiwa kwenye malori wakarudishwa "kwao". Mimi pia ni Mkikuyu, ila nilikuja huku nikiwa mgongoni mwa mama. Baba alikuwa seremala aliyeletwa kujenga kanisa karibu na Kapkatet. Kwetu ni wapi zaidi ya hapo? Wazee wa kanisa walinisemea, nikabaki, ila bila pasi sikuruhusiwa kutoka shambani. Timu ikienda kucheza ugenini, mimi nilibaki kwenye ngazi za kiwanda. Nikawa naicheza mechi kichwani. Nilijua winga wetu atachoka kipindi cha pili, na kwamba beki wetu wa kushoto anaogopa mvua. Wenzangu wakirudi jioni, nilikuwa nawaambia jinsi walivyofungwa kabla hawajashuka kwenye lori.

Ndipo wakaanza kuniuliza habari za siku ya kuchagua. Nani atachukuliwa na nani? Watu wengi humtazama kijana anayeng'aa. Mimi simtazami kijana kwanza. Natazama timu, natafuta palipotoboka. Mwaka juzi kila mtu alimlilia winga mmoja wa Boito aliyekuwa akiwacheza watu kama ngoma. Nilisema Msituni watamchukua golikipa, yule mrefu asiyesema, kwa sababu golikipa wao alikuwa amevunjika vidole. Wakacheka. Wakamchukua golikipa.

Mwaka huu Mlimani tumeshika mkia. Zamu ya kwanza ni yetu.

Wiki nzima watu walikuja hotelini wakiuliza, "Mwaguzi, mwaka huu tunamchukua nani?" Nami nilisema bado naangalia. Nilikuwa nimeshaangalia. Golikipa wetu ni mzuri. Mbele tunafunga, tena tunafunga sana. Lakini mabao tuliyofungwa sisi, karibu yote yalipita katikati. Yule mshambuliaji wa Darajani alinipita upande wa kulia, akarudi akanipita tena upande ule ule, mpaka watu wake wakaanza kuimba jina langu kwa kunicheka. Goti langu la kulia haligeuki upesi tena. Nililijua hilo kabla yao.

Timu imetoboka kwangu.

Kuandika maneno hayo ni jambo moja. Kuyasema mbele ya watu wanaokunywa chai ya mke wako ni jambo jingine. Alhamisi, wateja walipokwisha kutoka, Mama Njeri aliweka birika chini akanitazama.

"Unafikiri sijui unachokificha?" akasema. "Waambie tunahitaji winga."

"Hatuhitaji winga."

"Nani atajua, Baba Njeri? Wanakuamini. Arap Koech mwenyewe, anayechagua, anakuamini. Sema winga, achukuliwe winga, sisi tukae hapa mwaka mmoja zaidi."

Sitajifanya kwamba sikuyapima maneno yake. Niliyapima vizuri. Neno moja tu lingetosha, na hakuna ambaye angeniita mwongo, maana hata mwaguzi hukosea. Lakini nilifikiri juu ya msimu mzima wa kusimama pale katikati, watu wakinipita, nikijua kwamba niko pale kwa sababu ya uongo wangu. Nilikwisha kuambiwa niondoke na watu wenye bunduki, sikuondoka. Sasa nijifiche nyuma ya winga?

Nilimwambia hapana. Akasema, "Basi kiburi chako kitatupikia chakula," akaingia ndani. Hatukuzungumza tena mpaka asubuhi.

Ijumaa nilikwenda kutazama majaribio. Palikuwa na kijana mmoja mwenye tabasamu jeupe kutoka pande za Nyanza, anaitwa Wilson, aliyefunga mara tatu na kila mara akakimbia hadi kwenye mstari kuwapungia watu. Uwanja mzima ulimpenda. Meneja wetu alimpigia makofi mpaka kofia yake ikaanguka.

Mimi nilikuwa namtazama mwingine. Kiprotich, kutoka Longisa, hana viatu, ana miguu mirefu kama ya korongo. Hakukimbia sana. Mpira ulikuwa ukienda mahali, naye alikuwa ameshafika. Krosi zote za juu alizitoa kwa kichwa, tena hakuzitoa ovyo, alimpa mwenzake. Mara moja mshambuliaji alimdanganya kwa mwili, kulia kisha kushoto, na yule kijana hakusogea hata kidogo. Alingoja, kisha akachukua mpira wake kama mtu anayechukua kikombe mezani.

Nilihisi wivu, na naandika hivyo bila aibu. Halafu nikahisi furaha, maana nilikuwa naona namba tano inavyochezwa, na watu waliokuwa karibu nami hawakuiona.

Arap Koech ndiye karani wa stoo na ndiye anayeichagulia timu ya Mlimani. Ni mtu wa haki, ingawa anamwogopa meneja. Alinijia baada ya mechi akisugua kidevu.

"Karanja, unasemaje? Bwana meneja anamtaka huyu Wilson."

"Mbele tuko sawa. Mchukue yule wa Longisa."

Alitazama kushoto na kulia kabla ya kuuliza, "Unajua anacheza namba gani?"

"Najua. Nimeicheza miaka yote hii, nisiijue?"

"Nikimchukua, mtu mmoja lazima atoke. Na huyo mtu..."

"Arap Koech, nimekuambia mchukue. Sijakuambia kwamba mimi nimekwisha. Hayo ni maneno mawili."

Alinishika bega. Nililiondoa. Sikutaka kushikwa bega.

Usiku huo sikulala vizuri, lakini si kwa huzuni. Nilikuwa nafanya hesabu zangu za kila mwaka, safari hii kwa timu zote nne. Msituni, golikipa wao yule mrefu amekwenda jeshini, kwa hiyo watachukua golikipa. Darajani hawana wanachokosa. Watamchukua yeyote anayependwa na watu atakayekuwa amebaki. Bondeni hawafungi mabao, kwa hiyo zamu ya kwanza Wilson ni wao. Lakini Bondeni wana tatizo jingine. Mabeki wao wote ni watoto. Wana mbio, wana nguvu, na kila mmoja anacheza mechi yake peke yake. Mmoja akipanda, mwingine anashuka. Hakuna anayewaita. Niliwaona msimu huu wakifungwa mabao ya kijinga, huku wakinyosheana vidole.

Bondeni wanahitaji mtu mzima. Si namba tano. Namba mbili, beki wa kulia, ambapo mstari wa nje unakusaidia na mtu anaweza kukupita upande mmoja tu. Mahali ambapo goti bovu linaweza kuishi kama kichwa kinafanya kazi.

Asubuhi nikavaa bukta na jezi yangu kuukuu, nikatundika viatu begani. Mama Njeri alikuwa akikanda unga. Akaniuliza ninakwenda wapi nimevaa hivyo. Nikamwambia.

"Ukae chini na watoto?"

"Nikae chini na wachezaji."

"Hakuna mtu aliyetolewa kwenye timu akakaa pale. Hakuna."

"Hakuna anayekataza."

Alipiga unga ngumi, mara moja tu. "Nenda," akasema. "Lakini usirudi ukiwa umeinamisha kichwa. Hicho sitakivumilia."

Ni kweli kwamba hakuna anayekataza. Kanuni inasema mtu yeyote wa Kampuni asiye na timu anaweza kuchaguliwa. Aibu ndiyo iliyokuwa inawazuia wengine.

Uwanjani, vijana walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbichi, na timu nne zimekaa kwenye viti mbele yao, kila moja na mchaguzi wake. Bwana wa Ustawi, Mzungu anayesimamia michezo, alikuwa amesimama katikati na filimbi. Mimi nilisimama pembeni kwanza, kwa sababu bado nilikuwa mtu wa Mlimani.

Arap Koech aliinuka. Meneja alikuwa amekaa nyuma yake, amevuka miguu, akimtabasamia Wilson. Koech hakugeuka kumtazama. Kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mlimani tunamchukua Kiprotich wa Longisa."

Watu walipiga kelele. Meneja alishusha mguu. Bwana wa Ustawi akauliza nani anatoka, na Koech akasema jina langu bila kunitazama. Namheshimu kwa hilo. Asingeweza kulisema akinitazama, lakini alilisema.

Ndipo nikatembea. Nilivuka uwanja mbele ya watu wote, nikaenda hadi kwenye nyasi, nikakaa katikati ya vijana wawili waliosogea kunipisha kama niko kanisani. Halafu kicheko kikaanza upande wa Darajani, kikaenea. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ukuta umeanguka!" Mwingine akasema, "Mzee, shule ya watoto iko kule!"

Nilinyoosha goti langu juani. Nikavaa viatu, nikafunga kamba zake.

Zamu ya kwanza ilikwenda kama nilivyoipiga hesabu. Bondeni walimchukua Wilson, Msituni golikipa, na Darajani winga mmoja mwenye viatu vipya. Zamu ya pili, Mlimani wakachukua kiungo. Kisha Musa, nahodha wa Bondeni, akainuka. Nilijua. Kila hesabu ilisema ni mimi.

Akamchukua kijana wa Boito mwenye mbio.

Mwaguzi alikuwa amekosea, na alikuwa amekosea juu ya mwaguzi mwenyewe. Kicheko kilirudi. Kijana mmoja karibu nami akaitwa, akaruka juu kwa furaha, akanikanyaga mkono bila kujua. Zamu ya pili ikaisha. Nyasi zilikuwa zinabaki wazi, na mimi nikawa naonekana zaidi. Nilikuwa nimefikiria aibu ya kukaa, lakini sikuwa nimefikiria aibu ya kubaki.

Ningeweza kuinuka nikaenda zangu. Nilikaa.

Zamu ya tatu ni ya mwisho. Koech aliinuka, akanitazama safari hii, akatazama chini, akamchukua golikipa wa akiba. Ni sawa. Kama ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Mtu hamtoi mtu asubuhi akamrudisha mchana. Kisha Musa akainuka tena. Macho yake yalipita juu yangu yakaenda kwa kijana aliyekuwa nyuma yangu, beki mwingine, mtoto mwingine wa mbio.

Nikasimama.

"Kaa chini," akasema Bwana wa Ustawi. Wanaochaguliwa hawasemi; hiyo nayo ni kanuni. Nilibaki nimesimama.

"Musa," nikasema, "mbio mnazo. Kila mwaka mnachukua mbio, na kila mwaka mnafungwa mkiwa mnakimbia."

Watu wakacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa na sauti nyingine. Musa hakucheka. Ni mtu mfupi, mpole, ana kovu kidevuni. Akaniuliza, "Na goti lako?"

"Goti nalibeba mwenyewe. Sijakuomba unisaidie kulibeba."

"Namba tano ninaye."

"Sijaitaka namba tano. Nipe namba mbili. Watoto wako hawajakosa miguu, wamekosa mtu wa kuwaambia lini wapande na lini wakae. Hamna mdomo pale nyuma. Bao lile mlilofungwa na Msituni, nani alikuwa anamtazama namba kumi na moja? Kila mtu alidhani ni mwenzake."

Bwana wa Ustawi alipuliza filimbi, "Kaa chini, tafadhali!" na mimi nikasema, "Nitakaa, Bwana, akishanijibu." Nilisema kwa heshima. Lakini nilisema.

Musa aligeuka, akaongea na wenzake kwa Kipsigis, upesi na chini chini. Nasikia Kipsigis vizuri. Nimekulia ndani yake. Mmoja alisema nitawaharibia kwa jeuri. Mwingine, golikipa wao, akasema, "Mimi ndiye ninayesimama nyuma ya wale watoto. Niacheni nipate mtu wa kunisaidia kupiga kelele."

Musa akanigeukia.

"Haya," akasema. "Lete huo mdomo."

Sijui nilivyovuka uwanja. Nakumbuka tu kwamba yule golikipa alinisogezea kiti, na kwamba nilikikalia bila kuligusa goti. Kiprotich alikuwa upande wa Mlimani, mahali pangu, ananitazama mdomo wazi.

Nilirudi nyumbani kichwa juu, kama nilivyoagizwa. Mama Njeri alikuwa mlangoni. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu, kama kawaida ya mahali hapa.

"Bondeni?" akauliza.

"Bondeni."

"Kiwandani? Nyumba ya mawe?"

"Nyumba ya mawe. Tunahama kesho kutwa."

Alifuta mikono kwenye leso, polepole, kidole kwa kidole. "Na huko Bondeni, nani anawauzia watu chai?"

Nilikuwa sijui.

"Umehesabu mabeki wao wote," akasema, "na hukuhesabu kama wana hoteli?"

Nilisema sikuhesabu. Nilidhani sasa ndipo atakapolia au kunigombeza. Badala yake alichukua nyundo ya baba, ile ya useremala, akaenda chumba cha mbele akaanza kung'oa misumari ya meza ya kuuzia. Wanawake wa Bondeni wanapita hapa kwenda sokoni. Aliwauliza wawili leo baada ya ibada, mimi nikiwa nimesimama pale na mke wa karani. Hakuna hoteli. Watu wa zamu ya asubuhi wanaingia kazini wamekunywa maji tu. Hajaniambia kwamba amenisamehe, wala simwulizi. Anaimba anapofunga vikombe.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika nilipobishiwa hodi. Ni Kiprotich, amelowa mpaka mfupani, mawe ya mvua bado kwenye nywele zake.

"Chamgei," akanisalimia kwa Kipsigis, na mimi nikamjibu. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kulipa faini. "Mzee, nimekuja kukuomba msamaha. Sikujua kwamba mtu angetoka. Na leo nimeambiwa kwamba wewe ndiye uliyenitaja."

Kwanza nilimwambia asiniite mzee. Halafu nikamwambia asiombe msamaha kwa kucheza vizuri. Mchezaji akianza hivyo hana mwisho. Mama Njeri akampa chai na mandazi mawili, akamwonyesha mahali pa kukaa, juu ya gunia, maana viti vimeshafungwa.

Alikunywa kwa adabu. Ni mtoto kweli. Baadaye akapata ujasiri akaniuliza mambo ya uwanja wa Mlimani: mteremko ule wa upande wa kiwanda, mpira unakimbiaje ukilowa? Washambuliaji wa Bondeni wanapenda kupita wapi? Mechi ya kwanza ya msimu, Mlimani wanawapokea Bondeni.

Nilimjaza kikombe mara ya pili.

"Mteremko utauona mwenyewe," nikasema. "Kuhusu Bondeni, njoo uniulize siku ya mechi. Nitakuwa upande wa kulia. Utanisikia."

Alicheka, akadhani natania. Mama Njeri hakucheka, ananijua. Kijana ameondoka sasa hivi, amefunika kichwa kwa gunia, anaruka madimbwi ya laini, safu hizi za nyumba zetu, moja baada ya nyingine. Anaruka vizuri, hilo lazima niseme. Itakuwa vigumu kumpita.

Wilson hajui hivyo bado. Kesho nikifika Bondeni, kabla ya kufungua hata sanduku moja, nitamtafuta nimwambie asijaribu kumdanganya yule kwa mwili, kulia na kushoto. Hatasogea. Njia ni kumlazimisha aukimbilie mpira kabla hajataka, tena mapema, kabla hajauzoea mteremko. Sisi tutapanda wote pamoja nitakapopiga kelele, na tutashuka wote pamoja.

Watu wa Mlimani watakuja wengi siku hiyo. Watakuja kuona Ukuta ukianguka mara ya pili.

Waje. Waje na watoto wao.